Shairi Sebuleni: Uthubutu wa Montag na Haki ya Msikilizaji



Riwaya ya Ray Bradbury, *Fahrenheit 451*, iliyochapishwa Marekani mwaka 1953, inasawiri jamii ambamo kumiliki kitabu ni kosa na kazi ya wazimamoto ni kuviteketeza vitabu. Montag, mzimamoto, anavificha nyumbani kwake. Jioni moja anazima runinga zilizotanda kutani na kuwasomea wageni wa mkewe shairi la Matthew Arnold, "Dover Beach". Faber, profesa mzee anayemnong'oneza kupitia kifaa cha sikioni, anamsihi aache. Hasikii.

Ni rahisi kukiita kitendo hiki upumbavu. Wageni wanamshtaki, mkewe naye anamshtaki, na hatimaye Montag analazimishwa kuichoma nyumba yake kwa mkono wake mwenyewe.

Lakini tuitazame hadhira. Bi Phelps, ambaye punde tu alikuwa akimzungumzia mumewe aliyekwenda vitani kana kwamba si jambo, anaangua kilio asichoweza kukieleza. Bi Bowles anaghadhibika na kulilaumu shairi. Machozi na ghadhabu vinashuhudia jambo moja: shairi limefika pale ambapo hoja hazifiki. Hapo ndipo tunapoelewa watawala wale wanaogopa nini.

Kwa maoni yangu, dosari ya Montag si kuthubutu. Ni kuwasomea watu kwa hasira. Shairi amelifanya fimbo. Mwishoni mwa riwaya anakutana, kando ya reli, na watu waliovihifadhi vitabu vichwani mwao. Hao hawamlazimishi mtu. Wanangoja siku watakapohitajiwa.

Hatari ya namna hii si ya kubuni tu. Abdilatif Abdalla alifungwa nchini Kenya kwa sababu ya waraka wake wa mwaka 1968, *Kenya: Twendapi?* Gerezani alitunga kwa siri mashairi ya *Sauti ya Dhiki*, yaliyomfikia msomaji mwaka 1973. Nayo yalingoja.

Basi swali ninalowaachia si kama Montag ni shujaa au mjinga. Ni hili: anayetoa andiko lililopigwa marufuku ana wajibu gani kwa anayelipokea, ambaye tangu alisikie amekwisha kuingizwa katika hatari ileile?