Kutafuta Dhahabu na Vitu vya Kale kwa Mashine

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wetu mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, katika bwalo la shule)



Katibu wa chama chetu aliponiandikia aliniomba niseme juu ya manufaa ya sayansi kwa taifa. Nilimjibu kwamba wapo wanaolijua jambo hilo kunishinda, na wengi wao wamekwisha hutubu katika bwalo hili, wengine mpaka ugali ukapoa. Nikaomba niseme juu ya jambo dogo ninalolifanya kila wiki tangu nilipostaafu, na kabla ya hapo siku za mapumziko tu. Jambo lenyewe ni kutembea polepole nikiwa na mashine inayolia ikipita juu ya chuma, shaba, fedha au dhahabu. Wachimbaji wa Geita na Chunya wanaiita detekta, nami nitaiita hivyo hivyo.

Jana jioni, kwa ruhusa ya Mwalimu Mkuu, nilipita nayo kwenye uwanja wetu wa mpira. Kwa muda wa saa mbili nilipata vizibo vya soda thelathini na kimoja, misumari isiyo na idadi, wembe, senti tano ya mwaka 1966, ile yenye samaki, na kitu kimoja zaidi ambacho nitakieleza baadaye. Mnaocheka, chekeni. Hivyo ndivyo kazi hii ilivyo siku tisa katika kumi.

Ninyi wa Kidato cha Tatu na cha Nne mtaielewa mashine hii upesi kuliko sisi wazee. Katika sahani hii ya chini mna nyaya zilizozungushwa. Umeme unaobadilika-badilika ukipita ndani yake hutoa nguvu ya sumaku, nayo hushuka ardhini. Ikikuta kipande cha metali, huamsha humo mikondo midogo ya umeme, na mikondo hiyo nayo hutoa sumaku yake yenyewe, ambayo mashine huipokea na kuigeuza kuwa sauti. Ni kazi ya Michael Faraday ya mwaka 1831, ile ile mnayoipigia mstari kwenye madaftari siku moja kabla ya mtihani.

Mtu wa kwanza kujulikana sana kwa kuitumia kanuni hii kutafuta kitu kilichofichika ni Alexander Graham Bell, yule wa simu. Mwaka 1881 Rais wa Marekani, James Garfield, alipigwa risasi, na madaktari wakashindwa kuipata mwilini. Bell akaunda chombo, akakijaribu, kikafanya kazi vizuri. Alipokipeleka kwa mgonjwa kikalia hovyo, kwa kuwa Rais alikuwa amelala kwenye godoro lenye springi za chuma, na daktari mkuu naye hakuruhusu upande mwingine wa mwili upimwe. Rais akafa mwezi Septemba. Nalieleza hili kwa sababu detekta hailijui unalolitaka. Inajua metali tu, na msumari kwake ni kitu cha maana kama pete ya arusi. Pale Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO limefundisha panya wakubwa kunusa baruti ya mabomu ya ardhini, na panya hao hufanya kazi haraka kwa sababu hawana habari na misumari. Nimewahi kutamani panya wa dhahabu.

Sasa juu ya dhahabu, maana naona wengine mmeanza kusogea mbele.

Ni kweli watu wamepata. Mwaka 1980, huko Kingower katika jimbo la Victoria, Australia, mtu mmoja aitwaye Kevin Hillier alipata kwa detekta bonge la dhahabu lenye uzito wa zaidi ya kilo 27, likiwa limelala karibu kabisa na uso wa ardhi. Likauzwa kwa zaidi ya dola milioni moja za Marekani. Habari hiyo ndiyo iliyouza detekta dunia nzima, mimi nikiwa mmoja wa walioisoma na kukosa usingizi. Kwetu, dhahabu ya mito ya Lupa kule Chunya imechimbwa tangu miaka ya 1920, na hadi leo vipande huonekana baada ya mvua. Lakini kumbukeni kwamba detekta huona kipande, haioni vumbi, na sehemu kubwa ya dhahabu ni vumbi. Kumbukeni pia kwamba kwa sheria ya nchi madini si mali ya aliyeyaona. Bila leseni, au bila kuwa pamoja na mwenye leseni, unachofanya si mapumziko tena. Mimi huenda na mchimbaji mdogo mwenye leseni yake, tunagawana. Kipande kikubwa nilichowahi kukitoa kilikuwa na gramu mbili na kidogo, tukakiuza kwenye soko la madini kwa taratibu zake. Nauli na betri zilikuwa zimekwisha kula zaidi ya hapo. Mke wangu anayo hesabu kamili, msimwulize.

Hata hivyo ninachosema juu ya dhahabu ni hiki: ukikitoa kile kipande ardhini, hujamnyang'anya mtu habari yoyote. Gramu mbili ni gramu mbili, zitoke kando ya mto au chini ya mwembe. Kwa vitu vya kale mambo ni tofauti, na hapo ndipo nina la kukiri.

Nilijifunza kazi hii Uingereza, nilikokaa miaka minne upande wa mashariki, nchi ya mashamba ya ngano. Kule ni mchezo wa watu wa kawaida kabisa: makarani, mafundi bomba, madereva waliostaafu. Unamwomba mwenye shamba ruhusa, mnakubaliana, unaingia. Niliporudi nyumbani nilikuja na mashine yangu, nikaenda kumtembelea shemeji yangu pwani ya kusini. Asubuhi moja, maji yakiwa yamekupwa, nilipita ufukoni chini ya magofu ya ukuta wa matumbawe, mashine ikalia. Nilichimba kwa kijembe kwa dakika moja, nikatoa sarafu ya shaba ndogo kama kifungo cha shati, ya kijani kwa kutu. Furaha yangu hamwezi kuipima. Nikatoa ya pili, nikatoa ya tatu. Nilikuwa nachimbua kama kuku. Vipande vya vyungu na shanga nilivitupa kando, maana havikuwa vinalia.

Usiku ule nikazisugua sarafu zangu kwa ndimu na majivu, kama bibi yangu alivyosugua sufuria. Ziling'aa. Mbili kati yake ziling'aa kabisa, zikawa laini kama shavu la mtoto, bila hata herufi moja.

Nilizipeleka Dar es Salaam kwa mzee mmoja aliyefanya kazi ya mambo ya kale maisha yake yote. Hakunigombeza. Aliiweka ile iliyosalia chini ya kioo cha kukuzia, akasoma herufi za Kiarabu zilizobaki, akasema ni za masultani wa Kilwa. Kisha akaniuliza: Zilikuwa pamoja au mbalimbali? Kina gani? Vyungu vilivyokuwa nazo viko wapi? Nikamjibu kwamba vyungu nilivitupa. Akaivua miwani yake, akanyamaza muda mrefu. Mzee yule alipokwisha kunyamaza, alinieleza habari za Mtambwe Mkuu.

Mtambwe Mkuu ni huko Pemba. Mwaka 1984 wataalamu waliokuwa wakichimba pale kwa utaratibu walikuta akiba ya sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, zenye majina ya watawala wa pwani hii hii. Sarafu za namna hiyo haziandikwi mwaka. Mtu akikuletea moja mfukoni, utakisia tu. Lakini pamoja na zile za fedha zilikuwamo za dhahabu chache kutoka nchi za nje, na hizo miaka yake inajulikana. Kwa kuwa zilifukiwa pamoja, zile zenye mwaka ziliwatolea ushahidi zile zisizo na mwaka, ikajulikana kwamba watu wetu walikuwa wakipiga fedha yao wenyewe mnamo karne ya kumi na moja. "Sasa fikiri," mzee akaniambia, "kama angetangulia mtu mwenye mashine yako, akazichukua za dhahabu tu."

Sikuwa na jibu. Akanikumbusha pia kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda kila kitu kilichotengenezwa na mtu kabla ya mwaka 1863, kwamba kuchimba bila kibali ni kosa, na aonaye kitu hana budi kutoa taarifa. Ningeweza kushitakiwa. Nilimwachia sarafu zote tatu, ile yenye maandishi na zile mbili nilizoziua.

Ndipo nikaikumbuka habari niliyokuwa nimeisikia Uingereza bila kuizingatia. Mwezi Novemba mwaka 1992, katika kijiji cha Hoxne, mkulima alipoteza nyundo shambani. Akamwomba rafiki yake Eric Lawes, mtunza bustani aliyestaafu, aitafute kwa detekta. Lawes akaanza kutoa vijiko vya fedha, vito vya dhahabu na sarafu. Nawaomba mjiweke mahali pake: mzee wa kawaida, shamba tupu, na hazina inatoka kwa mikono. Yule mzee aliacha kuchimba. Taarifa ikapelekwa polisi na kwa wenye ardhi, na kesho yake wataalamu wakafika.

Kwa kuwa aliacha, walikuta sehemu kubwa ya hazina bado imepangwa kama ilivyopangwa na mwenyewe miaka 1,600 iliyopita, zama za mwisho za utawala wa Warumi. Waliweza kuona kwamba lilikuwapo sanduku la mti, na ndani yake visanduku vidogo vyenye makufuli ya fedha. Mbao zilikuwa zimeoza. Mtu mwenye haraka asingejua kama ziliwahi kuwapo. Sarafu zilikuwa karibu 15,000, za mwisho zikiwa za mwaka 407 hivi. Mlikuwamo pia vyombo vya fedha vya kunyunyizia pilipili manga, na pilipili manga wakati ule ilitoka India kupitia bahari yetu hii. Lawes alilipwa pauni milioni moja na laki saba na hamsini elfu, akagawana na mkulima. Nyundo nayo ilipatikana, na leo imo katika Makumbusho ya Uingereza mjini London.

Si wote kule walio kama Lawes. Mahali paitwapo Wanborough, katika miaka ya 1980, wezi walilivamia hekalu la Kirumi usiku kwa usiku wakachota sarafu kwa maelfu, na fedheha hiyo ilisaidia kuleta sheria mpya ya hazina ya mwaka 1996. Mwaka 2015 wawili wengine walipata karibu na Leominster akiba ya zama za Waviking, wakaificha na kuiuza kidogo kidogo. Walihukumiwa vifungo virefu mwaka 2019. Sarafu chache zilizookolewa zinawaonyesha wafalme wawili waliodhaniwa kuwa mahasimu wakiwa wamekaa pamoja kama washirika. Zilizobaki zingesema nini, hatujui.

Mfano wa mwisho unatuhusu sisi, ingawa hauna detekta ndani yake. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia, aliyewekwa kulinda visiwa vya Wessel kaskazini mwa nchi yake, aliokota sarafu tisa mchangani. Nne zilikuwa za Kiholanzi. Tano zilikuwa za Kilwa! Zilikaa ndani ya kopo kwa miaka zaidi ya thelathini kabla ya kutambuliwa. Bahati nzuri alikuwa ameweka alama ya msalaba kwenye ramani. Mwaka 2013 watafiti waliifuata ramani hiyo, wakapekua pale, wasipate sarafu nyingine. Hivyo mpaka leo hakuna awezaye kusema kama zilifika na baharia, na mfanyabiashara, au na jahazi lililovunjika. Sarafu za Kilwa zimevuka bahari nzima, na habari ya safari yao imeishia kwenye msalaba wa kalamu.

Wanafunzi wenye hamu ya kuijaribu mashine wanikute uwanjani saa kumi. Nimefukia vitu kumi, na atakayefukua bila kwanza kupima na kuandika, nitamnyang'anya kijembe.

Na kile kitu cha jana: ni kijiko. Wa zamani mnakumbuka kwamba asiye na kijiko chake hakula, na aliyeibiwa kijiko alilia kuliko aliyefeli hesabu. Hiki kimechorwa kwa msumari kwenye mpini: H.M., 2B, 1974. Kilikuwa hatua kumi na nane kutoka mlingoti wa goli la upande wa mabweni, kina cha kiganja kimoja, kimesimama wima, bakuli lake likiwa chini, kama kitu kilichochomekwa makusudi na mtu aliyetaka kukirudia. Sijakisugua. Nimekiweka mezani hapa mbele, pamoja na karatasi ya vipimo. Darasa la 2B la mwaka 1974 walikuwamo H.M. wawili, na wote wawili nawaona wamekaa mstari wa tatu. Mmoja wao, nakumbuka, alikula kwa mkono muhula mzima.