Kumchagua Daktari wa Mifugo Kabla ya Siku ya Msiba

Mazungumzo kwa wafugaji wa Nyeri na miji ya Mlima Kenya

Wasikilizaji, katika boma moja la Nyeri huenda wakaonekana ng'ombe wawili wa maziwa, mbuzi kadhaa, kuku, na punda wa kuchukua maji na majani. Huko Nanyuki, ambako nyanda za Laikipia zaanza, wako pia watu wafugao farasi. Wanyama hawa hulala karibu karibu, na mwenyewe huweza kudhani ya kuwa dawa imfaayo mmoja yawafaa wote. Dhana hiyo ni ya hatari, na yafaa ikumbukwe wakati wa kumchagua daktari.

Mfano wa kwanza ni dawa ya kupe. Kupe huleta ndigana kali, maradhi yauayo ng'ombe wa gredi upesi, na kwa hiyo mfugaji mwangalifu huwaogesha ng'ombe wake au huwanyunyizia dawa. Dawa mojawapo itumiwayo sana ni amitrazi. Kwa ng'ombe dawa hiyo ni njema. Lakini kwa farasi na punda yaweza kuyalegeza matumbo hata yasisukume chakula, mnyama akafunga choo na kufa kwa maumivu. Mfano wa pili ni chakula. Baadhi ya vyakula vya kuku na vya ng'ombe hutiwa dawa iitwayo monensini. Kuku hadhuriki kwa kipimo chake. Farasi au punda akila kidogo tu, moyo wake huharibika.

Basi, swali la kwanza la kumwuliza daktari ni hili: punda atiwe dawa gani ya kupe? Anayejibu kwamba atiwe ile ile ya ng'ombe, bila hata kuuliza jina lake, huyo huenda akawa hodari kwa ng'ombe, lakini punda asikabidhiwe mikononi mwake.

Jambo la pili ni idhini. Zamani mfugaji alimwita mganga wa Serikali, lakini kufikia miaka ya 1990 sehemu kubwa ya kazi ya kutibu mifugo iliachiwa watu binafsi. Pamoja na watu wema wakaja na wengine wenye mfuko wa sindano tu. Kwa sheria ya mwaka 2011, Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya huwaandikisha madaktari waliohitimu chuo kikuu, na pia wasaidizi wenye cheti au stashahada. Wote wawili wana kazi zao, na msaidizi mwema ni msaada mkubwa kijijini; lakini kila mmoja yampasa kuwa na leseni ambayo muda wake haujakwisha. Kuomba kuiona si utovu wa adabu, wala mtu mwaminifu hachukizwi na ombi hilo.

Jambo la tatu ni mwendo na saa. Farasi hawezi kutapika. Chakula kikikwama tumboni hakina njia ya kurudi, na saa chache zaweza kuamua uzima au kifo. Farasi mwenye msokoto wa tumbo hujigaragaza, hutoka jasho na kutazama ubavu wake. Punda ni mvumilivu, naye huficha maumivu. Pengine dalili yake ni kusimama kimya na kukataa kula tu. Kwa hiyo punda aliyeacha chakula asingojewe mpaka kesho. Yafaa daktari aulizwe mapema: je, huja usiku? Je, wakati wa masika, barabara zikiwa tope, aweza kufika? Na yeye akiwa safarini, ni nani ashikaye kazi yake? Daktari stadi aliye mbali mno hana faida kubwa usiku ule, na huenda mfugaji akahitaji wawili: mmoja wa karibu kwa haja ya ghafula, na mwingine ajuaye sana farasi kwa mashauri.

Jambo la nne ni kinga. Daktari mwema haji siku ya ugonjwa peke yake. Hutazama meno ya farasi na punda walau mara moja kwa mwaka, huuliza habari za kwato, ambazo hutaka kukatwa kila baada ya majuma sita hadi manane, na hukumbusha chanjo ya pepopunda na ya kichaa cha mbwa. Kwa farasi huongeza chanjo ya tauni ya farasi, maradhi yaenezwayo na visubi na ambayo huua farasi wengi, ingawa punda ni nadra kuugua. Akiwa na shaka haoni haya kupeleka damu au kinyesi kwenye maabara ya Serikali ya kuchunguza maradhi ya mifugo iliyoko Karatina. Na akimchoma ng'ombe sindano, husema wazi ni siku ngapi maziwa yake yasinywewe wala yasiuzwe.

Mwisho ni malipo. Yajulikane kabla ya kazi: gharama ya safari, ya dawa, na ya kuitwa usiku. Mwenye bei ndogo si lazima awe nafuu, kwa maana punda akifa, maji hayafiki nyumbani wala mzigo haufiki sokoni, na mshahara wa nyumba nzima umekatika.

Wazee husema ya kuwa asante ya punda ni mateke. Lakini punda huyo ndiye abebaye maji ya watoto mwaka mzima asidai kitu. Haki yake ni kwamba bwana wake amjue daktari wake leo, angali mzima, na jina na nambari ya simu ya daktari huyo viandikwe ukutani mahali ambapo hata mtoto aweza kuvisoma.