Maji Huingia kwa Milango Mitatu

Somo letu la leo ni juu ya maji. Si maji ya kunywa, bali yale yanayoingia nyumbani bila kupiga hodi. Wekeni daftari wazi na penseli tayari, maana katikati ya somo tutafanya hesabu kidogo.

Maji huingia nyumbani kwa milango mitatu. Mlango wa kwanza uko juu, yaani paani. Wa pili uko chini, kwenye ukuta na sakafu. Wa tatu uko mtoni. Milango miwili ya kwanza twaweza kuifunga kwa mikono yetu wenyewe. Mlango wa tatu haufungiki. Dawa yake ni kuondoka mapema. Taabu ni kwamba wengi wetu twafanya kinyume. Paa likivuja, twalikimbia: twahamisha kitanda kutoka pembe hii hadi pembe ile, mwaka baada ya mwaka. Mto ukija, twasimama kupigana nao kwa ndoo na ufagio.

Haya, tuanze na paa. Kila mtu aliyelala chini ya paa linalovuja ajua kwamba tone huanguka hapa. Lakini tundu haliko hapa. Maji yakishapenya hufuata mti wa paa, yakateremka nao polepole, kisha yakaanguka mahali pengine kabisa. Kwa hiyo usizibe juu ya mahali tone linapoanguka. Ngoja siku ya jua kali, saa sita mchana. Ingia ndani, funga mlango na madirisha, tulia mpaka macho yazoee giza. Tundu litajionyesha lenyewe kama nyota. Chukua chelewa moja ya ufagio, uipenyeze katika tundu itokeze juu, ndipo mwenye kupanda apate kuiona. Mwenye kupanda asipande bati likiwa na maji, tena akanyage kwenye mistari ya misumari, maana hapo chini kuna mbao za kumshika.

Ukiezeka upya kwa mabati, angalia mambo mawili. Msumari upigwe juu ya mgongo wa bati, si katika bonde lake. Maji hupita bondeni. Ukipiga msumari hapo umeyafungulia njia wewe mwenyewe. Nimeona nyumba mpya, bati linang'aa, na misumari yote imepigwa bondeni kwa sababu fundi alitaka ishike upesi. Jambo la pili, bati lipande juu ya jirani yake kwa mgongo mmoja na nusu, na upande ulio wazi usielekee kule upepo wa mvua utokako. Watu wa pwani wanajua kwamba masika huja na kusi. Ninyi wenye nyumba za makuti mwafahamu kuliko mimi: makuti yataka paa la mteremko mkali. Paa likilala, maji hulala nalo, na makuti huoza.

Sasa penseli mkononi. Katika taarifa ya hali ya hewa mtasikia maneno kama "mvua ya milimita 50". Maana yake ni nini? Milimita moja ya mvua, ikianguka juu ya mita moja ya mraba, ni lita moja ya maji. Tuseme paa lako lina urefu wa mita 8 na upana wa mita 6. Andikeni: 8 mara 6 ni 48. Hizo ni mita za mraba 48. Zidisha kwa 50. Tumepata 2,400. Hizo ni lita. Gawanya kwa ndoo ya lita 20. Jibu ni ndoo 120.

Mwalimu, tafadhali andika namba hiyo ubaoni. Ndoo 120, kwa mvua ya siku moja tu! Nyumba yenye paa la pande mbili humwaga ndoo 60 upande huu na ndoo 60 upande ule, chini kabisa ya ukuta. Kama ukuta ni wa fito na udongo, au wa matofali mabichi, hebu fikiri: ungekubali mtu aje amwage ndoo 60 hapo, kesho tena, na kesho kutwa?

Hapo ndipo tunapofika mlango wa pili. Ukuta wa udongo hauanzi kufa juu, huanza miguuni. Matone huruka kutoka ardhini yakaula ukuta kidogo kidogo, mpaka unaona fito zimetokeza kama mbavu. Basi fanya hivi. Refusha upenu wa paa utoke nje ya ukuta kiasi cha sentimita 60. Chini ya upenu tandaza kokoto, au acha nyasi fupi ziote, ili matone yasiruke na matope. Mguu wa ukuta upigwe lipu, na ikiwa unajenga sasa, weka msingi wa mawe uliopanda juu ya ardhi kabla ya kuanza udongo. Kisha chimba mfereji, lakini usiubandike ukutani. Uwe hatua moja au mbili kutoka nyumbani, upande ule maji yanakotoka, uyapokee na kuyapitisha kando. Mfereji usio na mteremko ni bwawa tu.

Tena kuna kosa moja ambalo tunalifanya karibu sote. Tunapojenga, udongo wa kukandikia tunauchimba hapo hapo nyuma ya nyumba, kwa sababu ni karibu. Nyumba ikiisha, shimo linabaki. Masika yakija, shimo linajaa, maji yanapenya chini kwa chini mpaka kwenye msingi, na mbu wanapata pa kuzalia. Lifukieni. Na mfereji wako usimalizikie mlangoni kwa jirani. Kesi za namna hii ni nyingi, na aghalabu mwenye mfereji ndiye anayeshangaa kwa nini jirani amenuna.

Nimesema ya kutosha juu ya milango ile miwili. Huu wa tatu ndio unaoua.

Chukueni Mto Msimbazi wa Dar es Salaam. Unatoka katika vilima vya Pugu, unapita mjini, unashuka bonde la Jangwani, unaingia baharini karibu na daraja la Selander. Mtu wa bondeni aweza kuona mbingu nyeupe juu ya kichwa chake, huku mvua ya Pugu iko njiani inakuja. Mwezi wa Desemba 2011 mvua kubwa ilinyesha mjini humo, mvua ambayo wataalamu wa hali ya hewa walisema haijapata kuonekana hapo tangu 1954. Watu wapatao 40 walikufa. Wengine waliokolewa juu ya mapaa. Baadaye serikali iliwapa watu wa bondeni viwanja Mabwepande, juu, mbali na mto. Wengine walikaa huko, wengine walirudi bondeni. Msiwacheke waliorudi. Bondeni ni karibu na Kariakoo, karibu na kibarua, na nauli ya kila siku ni mzigo.

Hata kule Rufiji ni hivyo. Baada ya mafuriko ya 1968 serikali iliwahamisha watu wengi kutoka bondeni na kuwapeleka mahali pa juu. Lakini mashamba yalibaki bondeni, maana maji ya Rufiji yakishashuka huacha tope lenye rutuba. Mzee wa Rufiji hakuwa mjinga kulima pale. Alijenga dungu, nyumba iliyoinuliwa juu ya miti, akijua kwamba mto utakuja kudai mahali pake. Mwezi wa Aprili 2024 mto ulidai tena, na watu wengi wa Rufiji na Kibiti walipoteza mashamba na nyumba.

Kwa hiyo sitakwambia, "Hama leo." Pengine huwezi. Nitakwambia jambo unaloweza kulifanya jioni hii bila senti moja. Weka alama.

Muulize mzee wa mtaa: maji yaliyopata kuja yalifika wapi? Kisha tafuta mti au nguzo iliyo kati ya nyumba yako na mto, mahali unapopaona kutoka mlangoni. Paka mstari wa chokaa. Waite watu wote wa nyumba, mama, watoto, na bibi kizee asiyesikia vizuri, muwaambie: maji yakigusa mstari huu, tunaondoka. Hatuondoki yakifika mlangoni. Hatungoji baba arudi kazini. Wala hatungoji kuona jirani atafanya nini, maana jirani naye anakungoja wewe! Mkubaliane njia ya kupanda juu, na njia hiyo isivuke kijito wala mtaro. Mkubaliane mahali pa kukutana. Usiku wa mvua kubwa mtu mmoja abaki macho, mwenye tochi, akaumulike mstari mara kwa mara. Yeyote atakayeshika zamu, hata awe mtoto wa miaka 12, ana ruhusa ya kuwaamsha wote.

Kwa nini mstari? Kwa sababu mtu akiona maji, akili yake huanza kufanya biashara. "Ngoja kidogo, yatapungua." "Ngoja nitoe godoro." Mimi nazungumza kama niliyejaribu. Mwaka mmoja wa masika, nilipokuwa nimepanga chumba bondeni, nilikwisha watoa watoto salama. Mke wangu akasema, "Baba, twende." Mimi nikakumbuka cherehani. Nikarudi. Maji yalikuwa chini ya magoti, nikayadharau. Nilipotoka na cherehani kifuani, mguu mmoja ulikosa ardhi, na sikuweza kujishika kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imekumbatia chuma. Kijana wa nyumba ya pili alinivuta kwa kamba ya mbuzi. Cherehani ilikwenda. Mke wangu hakunisemesha siku tatu, na alikuwa na haki.

Jueni kipimo hiki. Maji yaendayo kasi, ya kina cha sentimita 15 tu, yaani nusu ya rula ya shule, yaweza kumwangusha mtu mzima. Yakifika sentimita 60 huchukua motokaa. Hivyo dereva wa basi akisema, "Nitapita tu," wewe shuka.

Kabla ya masika, tia vitu hivi katika mfuko wa nailoni usiopitisha maji, uutundike mahali pa juu karibu na mlango: vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki za watoto, hati ya kiwanja au ya shamba, dawa za mgonjwa wa nyumbani, kiberiti na tochi. Simu ijazwe chaji mapema. Kama una umeme, zima swichi kuu wakati sakafu ingali kavu. Ukishasimama ndani ya maji, usiiguse kamwe. Mbuzi na kuku wafunguliwe. Mnyama aliyefungwa hawezi kuogelea.

Maji yakishashuka, msirudi mbio. Ukuta wa udongo uliolowa huweza kuanguka siku ya pili au ya tatu, jua likiwaka, wakati watu wamekwisha tandika vitanda. Uzunguke kwanza kwa nje, utazame nyufa, na usiwaruhusu watoto kucheza kando yake. Angalia nyoka katika vyombo na nguo. Chakula kilichoguswa na maji ya mafuriko kitupwe. Maji ya kisima msiyanywe, maana vyoo navyo vilifurika; kipindupindu hupita njia hiyo. Chemsheni maji mpaka yatokote, hata kama kuni ni chache na zimelowa. Mtoto akianza kuharisha, mpelekeni zahanati, na njiani mnywesheni maji yenye chumvi na sukari: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko viwe vya kusawazisha, visiwe vya kujaza mlima. Andikeni kipimo hicho daftarini sasa hivi. Mwalimu ahakikishe kila mmoja ameandika 6 na nusu mahali pake, maana akibadilisha atamdhuru mtoto.

Kazi ya nyumbani. Kila mwanafunzi apime paa la nyumba yake, urefu na upana, kwa hatua kama hana futi kamba, na kuhesabu ndoo za mvua ya milimita 50. Kisha andika sentensi tatu: mstari wa nyumba yako umewekwa wapi, nani atambeba mdogo kuliko wote, na mtakutana wapi. Wasomeeni watu wa nyumbani sentensi hizo kwa sauti kabla ya kuzileta darasani.

Katika kipindi kijacho tutajifunza kuandika barua kwa mwenyekiti wa mtaa, kuomba mtaro uliozibwa na taka uzibuliwe kabla ya mvua. Njooni na karatasi yenye mistari, na jina kamili la mtaa wenu. Kwa herini.