Mfuko wa Mbolea na Tuta la Ntumba



Katika miaka kumi ya Chama Kikuu chetu tumejifunza ya kuwa msaada wa Serikali ni mkongojo, wala si mguu. Ruzuku ya mbolea iliyowafaa wazee wetu iliondolewa katika miaka ya 1990. Mwaka 2008 ikarudi kwa vocha; na tangu 2022 wakulima walioandikishwa hununua mfuko kwa bei iliyopunguzwa. Twaishukuru Serikali.

Walakini twakiri kosa letu. Tulipopata mifuko, wengi wetu tuliacha ntumba, tukachoma nyasi, na mvua ikauteremsha udongo wa Ufipa kuelekea bonde la Rukwa. Wazee walizifunika nyasi ndani ya tuta mvua zingalipo, wakapanda maharage juu yake. Nyasi zikaoza, na msimu wa pili tuta likavunjwa, ulezi ukasitawi.

Basi twaiomba Serikali itupatie Mabwana Shamba watakaotupimia udongo. Nasi wanachama tuahidi leo kutochoma nyasi tena. Mfuko na ulishe mmea. Ntumba na ilishe ardhi.