Makao ya Wanawake na Wasichana Wasio na Pa Kukimbilia
(Hotuba ya Karani iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Soko la Burma)



Kamati imetuagiza tuseme maneno machache juu ya makao ya wanawake na wasichana wasio na pa kukimbilia. Jambo hili hatukulitafuta. Lilitujia lenyewe, hapa hapa sokoni, nasi hatukulipokea vema.

Katika mwaka huu tunaoufunga, binti mmoja, ambaye umri wake haukuzidi miaka 15, alikutwa alfajiri amelala nyuma ya vibanda vya wauza nyama. Alikuwa amekimbia kipigo. Akaletwa kwetu, maana watu wajua ya kuwa chama chetu ni cha kusaidiana. Tulimpa chai, tukamnasihi awatii wakubwa wake, tukachanga nauli, tukamrudisha kule kule alikotoka. Katika daftari tuliandika: "Amesaidiwa." Mwezi haukuisha akaonekana Gikomba, mkono wake umefungwa kitambaa. Tangu siku ile hatujui aliko. Neno lile lingali daftarini, na kila tukilisoma twaona haya.

Wazee wetu, kosa letu halikuwa ukosefu wa huruma. Lilikuwa kumpa nasaha mtu aliyehitaji mahali pa kulala.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano mwema. Mtaa wa Shauri Moyo, ulio jirani na soko hili, ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930, wakati kijiji cha zamani cha Pangani kilipobomolewa na wenye nyumba wake wakahamishwa. Katika wenye nyumba wa Pangani na wa Pumwani walikuwamo wanawake wengi waliojenga kwa fedha zao wenyewe. Twajua ya kuwa watu waliwasema sana kwa namna baadhi yao walivyozipata fedha hizo. Lakini baadhi yao, hasa wasiokuwa na watoto, waliwapokea wasichana waliofika mjini bila jamaa, wakawalea kama binti zao, na wengine wakawarithisha nyumba. Wale waliodharauliwa walitoa chumba. Sisi tulioheshimiwa tulitoa nauli.

Mfano wa pili watoka Samburu, karibu na Archers Post. Mwaka 1990, Bibi Rebecca Lolosoli pamoja na wanawake wapatao 15 walianzisha kijiji cha Umoja. Miongoni mwao walikuwamo walionajisiwa na askari wa Kiingereza, kisha wakafukuzwa na waume zao kana kwamba kosa lilikuwa lao. Baadaye wakapokelewa na wasichana waliokimbia ndoa za utotoni na kukeketwa. Wanaume hawakuruhusiwa kukaa humo. Wanawake hao walitengeneza shanga wakawauzia wageni watalii, wakawa na fungu la pamoja la kuwatunza wagonjwa, wakajenga na shule. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Umoja ulidumu kwa sababu kila aliyeingia alipewa kazi na sauti katika shauri, si chakula tu.

Huenda mzee mmoja akauliza: Je, nyumba ya namna hii haitawafundisha wake zetu kuzikimbia nyumba zao? Swali hili ni la haki, nasi twalijibu kwa adabu. Mwanamke mwenye amani kwake haachi kitanda chake akalale sakafuni kwa wageni. Kinachomtoa mtu nyumbani ni fimbo, wala si mlango uliofunguliwa mahali pengine. Na palipo na nia ya kupatana, wazee watapatanisha vizuri zaidi ikiwa yule aliyeumizwa anazungumza bila hofu ya pale atakapolala usiku huo.

Yatupasa pia kuiheshimu sheria. Mtoto hafichwi. Binti aliye chini ya miaka 18 ni lazima habari zake zifikishwe kwa afisa wa watoto au kituo cha polisi, na namba ya simu 116 iko kwa ajili ya watoto. Kwa mwanamke mtu mzima, iko Sheria ya Kinga dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya mwaka 2015.

Basi Kamati yaomba mambo matatu. Kwanza, chama kikodi vyumba viwili kwa mwaka mmoja, fedha zitoke katika fungu la karamu ya mwaka. Pili, mama watatu wazee, watakaochaguliwa na wanawake wenyewe, wawe walinzi wa vyumba hivyo, na ufunguo ukae kwao, wala si kwa Kamati. Tatu, kila atakayepokelewa afundishwe kazi ya mkono au biashara ya sokoni, ili akitoka atoke na riziki.

Najua, na wenzangu wajua, ya kuwa karamu ni furaha yetu ya kila mwaka. Lakini nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mwakani tutakapolifungua tena daftari, twataka neno "Amesaidiwa" liwe kweli.