Kuhamia Nchi ya Mbali

Leo nataka kusema nanyi juu ya mtu aazimiaye kuhamia nchi ya kigeni asirudi. Wengi huuliza kwanza habari ya nauli na baridi ya huko. Hayo ni madogo, koti hununuliwa. Lililo zito ni uraia, maana siku ya kula kiapo cha nchi mpya huenda ikawa ndiyo siku ya kuupoteza ule wa zamani.

Majirani wawili hawafanani katika jambo hili. Mkenya wa kuzaliwa, tangu Katiba ya mwaka 2010, aweza kuwa raia wa Kenya na wa Uingereza pamoja; na aliyeupoteza zamani aweza kuuomba tena. Lakini Mtanzania mtu mzima, kwa Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, akitwaa uraia mwingine kwa hiari yake huacha kuwa raia wa Tanzania. Hata akija kumzika mamaye, huonyesha pasi ya kigeni mpakani.

Basi mwenye nia hiyo na amwendee afisa wa uhamiaji kabla hajauza ng'ombe wake. Kisha akae na ndugu zake juu ya shamba: nani atalilima, na kwa jina la nani. Nayo yaandikwe mbele ya mashahidi.