Andiko Linalosomeka Sebuleni: Kuandika Mapendekezo ya Kufunga Umeme wa Jua Majumbani

Mada kwa semina ya mafundi na wauzaji wa vifaa vya sola, Morogoro



Jana niliwaomba kila mmoja alete profoma aliyowahi kumpa mteja wa nyumbani. Nimezisoma usiku, na kwa kweli zinafanana kama ndugu. Juu kuna nembo ya duka, halafu jedwali: paneli, inveta, betri, nyaya, vyuma vya kushikia, ufundi, usafiri, jumla. Mteja huanza kusoma pale kwenye jumla, na wengi huishia hapo hapo. Sina ugomvi na profoma, maana bila hiyo hata duka halitoi mzigo. Ila inamweleza mtu bei ya vifaa tu. Kama feni ya chumbani itazunguka mpaka alfajiri, hapo hajaambiwa.

Nilijifunza hilo kwa mwalimu mmoja mstaafu wa Kihonda. Nilimpelekea andiko la kurasa 11 lenye grafu za rangi, na mwenyewe nilijiona nimefika. Mzee akavaa miwani, akafunua ukurasa mmoja mmoja mpaka wa mwisho, kisha akaniuliza: “Kijana wangu, umeme ukikatika saa mbili usiku, barafu za mama zitafika asubuhi?” Mkewe alikuwa anauza barafu na juisi kwa watoto wa shule. Friji lile ndilo lililokuwa duka lao, na katika kurasa zote 11 nililitaja mara moja, ndani ya jedwali, kama “friji, wati 120”. Kazi alipewa fundi mwingine. Nilikuja kusikia kwamba andiko lake lilikuwa la ukurasa mmoja na nusu, na sentensi ya kwanza ilihusu barafu.

Kuanzia siku ile sianzi kuandika kabla sijakaa sebuleni kwa mteja saa nzima, nikiuliza maswali ambayo hayafanani na ya kifundi. Nani huamka wa kwanza? Pasi inapigwa lini? Maji ya kuoga yanachemshwa na nini? Mara ya mwisho umeme ulipokatika kiliharibika nini? Jibu la swali hilo la mwisho ndilo linalokuwa aya yangu ya kwanza, kwa maneno yake mwenyewe kadiri inavyowezekana. Mteja akisoma habari ya nyumba yake mwanzoni, ataendelea.

Risiti za LUKU

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi wetu tunapodanganya, wengine bila kujua.

Mwombe mteja meseji za LUKU za miezi mitatu. Toa kodi ya jengo, ambayo tangu 2021 inakatwa humo humo. Kisha angalia uniti, uache shilingi kwanza. Nyumba ya kawaida yenye taa sita za wati 7, runinga ya wati 60, feni mbili, friji dogo na simu za kuchaji hutumia kama wati-saa 2,400 kwa siku, yaani uniti 2.4. Kwa mwezi hizo ni uniti 72.

Sasa uliza yuko kwenye kundi gani la bei. Aliye D1, ile ya matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, analipa shilingi 100 kwa uniti, na kodi na tozo zikiingia inafika 122. Uniti 72 zinamgharimu kama shilingi 8,800. Tuseme mfumo wako ni wa milioni 4. Gawanya: ni miezi zaidi ya 450, kama miaka 38. Paneli zenyewe huja na dhamana ya uzalishaji ya miaka 25! Aliye T1, kundi la matumizi ya kawaida, analipa shilingi 356 hivi kwa uniti, kwa hiyo anatumia kama 25,600 kwa mwezi, na pesa yake inarudi baada ya miaka 13. Hapo bado hujahesabu kwamba betri itabadilishwa njiani.

Lakini maandiko mengi ninayokutana nayo yana sentensi ile ile: “Utasahau bili ya umeme na mfumo utajilipa wenyewe ndani ya miaka mitatu.” Nimejiuliza imetoka wapi. Nadhani imetoka kwenye vipeperushi vya nchi ambazo umeme wa gridi ni ghali, sisi tukaichukua mzima mzima. Mteja wa D1 anayejua kugawanya ataicheka. Asiyejua atakuamini, na baada ya mwaka atakuwa adui yako mtaani.

Je, mteja huyo wa uniti 72 hana sababu ya kufunga sola? Anayo. Barafu za mama zikiyeyuka ni hasara unayoweza kuiandika kwa shilingi. Mtoto wa kidato cha nne ana mtihani. Mgonjwa ana dawa inayotakiwa kukaa kwenye baridi. Kijana wa nyumba anafanya kazi kwa kompyuta, na anapopotea hewani analipwa pungufu. Hizo ndizo hoja za nyumba ambayo gridi imeshafika, na huwa zinahitaji mfumo mdogo kuliko ule uliotamani kuuza. Kijijini kusiko na nguzo hesabu inageuka: hapo unashindana na mafuta ya jenereta, betri za tochi na nauli ya kupeleka simu kuchajiwa senta, na sola hushinda kirahisi. Andiko la Kihonda ukilipeleka Mvomero ndani halijabadilika kitu zaidi ya jina, umepoteza karatasi.

Yale ambayo mfumo hautayafanya

Kila andiko langu lina aya yenye kichwa “Mfumo huu hautaendesha vitu vifuatavyo.” Mwenye duka mmoja aliniambia nafukuza wateja. Mimi naona kinyume chake: ndiyo aya inayosomwa kwa sauti, baba akimsomea mama, na baada ya hapo wananiamini kwenye aya nyingine zote.

Niliianzisha baada ya kuchoma vidole. Nyumba moja niliwafungia inveta ya wati 1,000, kila kitu kikapendeza. Siku ya tatu saa tatu usiku simu ikaita: mfumo umekufa. Nikapanda bodaboda mpaka kule. Inveta inapiga alamu na taa nyekundu inawaka. Kwenye kochi kuna sare ya shule iliyonyooshwa nusu. Binti alichomeka pasi ya wati 1,200 huku friji linawaka, inveta ikajizima kama ilivyotengenezwa kujizima. Hakukuwa na kosa la binti. Mimi ndiye sikuandika. Siku hizi naandika pasi, jagi la kuchemshia maji, hita ya kuogea na jiko la umeme, kila kimoja kwa jina lake la nyumbani. Pampu ya kisima naiwekea sentensi yake, maana hata ya nusu hospawa, wati 370 hivi, inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa ya huo.

Betri nazo zinahitaji ukweli huo huo. Betri ya asidi ya volti 12 na Ah 200 ni wati-saa 2,400 kwenye karatasi, lakini mteja akizoea kuitumia zaidi ya nusu ataiua mapema. Andika 1,200. Ya lithiamu unaweza kuandika asilimia 80, ueleze hapo hapo kwa nini bei yake iko juu. Na ile miaka 25 ni ya paneli peke yake. Usiiache ielee kwenye sentensi mpaka mteja adhani hata betri imo.

Kuhusu paa, nina kosa jingine la kuungama. Januari nilipima nyumba yenye mwembe mkubwa upande wa kaskazini. Saa sita mchana bati lote lilikuwa jeupe kwa jua, nikaandika “hakuna kivuli”. Ilipofika Juni mwenye nyumba akanipigia kwamba betri hazijai. Nilikuwa nimesahau kwamba huku kwetu jua la Januari saa sita liko kusini kidogo, na la Juni limekwenda kaskazini kwa nyuzi 30 hivi. Kivuli cha mwembe kilikuwa kimelala juu ya paneli mbili. Tulizihamisha kwa gharama yangu. Sasa naandika mti ulipo, urefu wake kwa makadirio, na nani atakata matawi.

Mengine ni mafupi. Weka namba ya leseni yako ya EWURA. Gawa malipo kufuatana na hatua mteja anazoweza kuziona kwa macho: mzigo umefika, paneli ziko juu, taa zimewaka. Kama mteja anategemea mgao wa VICOBA mwezi wa kumi na mbili, panga ratiba hivyo, usimshurutishe Agosti. Lugha iwe ya nyumba ile. “Kilowati piki” haijawahi kumshawishi bibi yeyote ninayemfahamu.

Kwa kazi ya mchana, kila kikundi kitachukua profoma moja kati ya mlizoleta na meseji za LUKU za mmoja wenu, ziwe za kweli. Andikeni ukurasa mmoja tu. Akina mama wanaotupikia wamekubali kuja saa tisa wakishamaliza vyombo, na ndio watakaosomewa. Mtakaa kimya mpaka wamalize kuuliza, na maswali yao myaandike pembeni jinsi yalivyo.